Kisanduku cha Jina la Ukoo

Kwenye kioo cha meza ya duka la mapazia la marehemu mzee Hamud, Mtaa wa Mkunguni, palikuwa na karatasi iliyokaa miaka mitatu. Iliandikwa kwa kalamu nene nyeusi: SIREKEBISHI SIMU. SIRUDISHI PICHA ZILIZOFUTIKA. SIFUNGUI AKAUNTI YA MTU ALIYESAHAU NENO LA SIRI. NASOMA AITI. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, Mauza aliongeza: Mapazia tunauza, karibu.

Selotepu ya kubandikia nilimpa mimi. Naitwa Zamda, nauza vifungo, zipu na nyuzi kwenye fremu inayotazamana na duka hilo, na kwa miaka ishirini na mbili hakuna kilichotokea pale ng'ambo nisikione. Kwa hiyo nikisimulia habari za Mauza binti Hamud sisimulii za kuambiwa. Na nitazisimulia kwa hasira kidogo, maana walionikasirisha humu ndani ni wengi, na mmoja wao ni mimi mwenyewe.

Mauza kazaliwa mtaani hapa. Alipomaliza kidato cha sita baba yake alimweka nyuma ya meza ile apime vitambaa, akakaa miaka saba, mkasi mkononi na futi shingoni. Mzee Hamud alipofariki, uendeshaji wa duka ukashikwa na kaka mkubwa wa Mauza, Zayed. Zayed si mtu mbaya. Anaswali kwa wakati, hamdanganyi mteja, na kitambaa anakijua kwa kukigusa tu. Ila ana ugonjwa mmoja: kitu asichokijua yeye, anadhani hakipo.

Siku Mauza alipokuja na habari kwamba amepata nafasi chuoni, shahada ya teknolojia ya habari, miaka mitatu, nilikuwa pale dukani kwao naazima kiti.

"Aiti ndiyo nini?" Zayed akauliza.

"Kompyuta, kaka. Mifumo, mitandao, programu."

"Kompyuta si tunayo," akasema, akaonyesha kwa kidevu ile ya pembeni yenye vumbi. "Ile pale. Na inawaka."

Walibishana tangu adhuhuri hadi alasiri, wateja wakiingia na kutoka. Mwisho Zayed akachoka, akatoa sharti kama anavyotoa bei ya mwisho. Miaka mitatu, haongezi hata siku moja. Kila akitoka chuoni Mauza atakuja kukaa dukani mpaka kufunga. Akifeli, au akiambiwa arudie chochote, anarudi mezani moja kwa moja na habari ya chuo isitajwe tena. "Nasema mbele ya dada Zamda," akamalizia. "Awe shahidi."

"Sawa," Mauza akajibu. "Na mimi nasema mbele ya bi Zamda. Nikimaliza, kaka, hutanitafuta kwenye meza hii."

Wakapeana mikono. Na mimi nikaondoka na kiti cha kuazima na ushahidi wa watu.

Miezi miwili ya kwanza nilikuwa nikimtazama nisielewe kitu. Anakuja mchana na buibui lake na begi la daftari, anakaa juu ya jora la pazia, anaandika. Watu wa mtaani walikuwa wameshaanza kumletea simu zilizopasuka vioo. Muuza samaki wa nyuma alimletea redio. Ndipo ile karatasi ilipoandikwa. Lakini hata mimi nilikuwa na maswali yangu, nikamvizia siku moja amekuja kula kwenye fremu yangu.

"Mwanangu, mnasoma nini hasa huko? Maana sijakuona hata siku moja umeshika bisibisi."

Akakunja uso. Kisha akasukuma sahani pembeni. "Bi Zamda, nielekeze kushona kifungo. Mimi sijui kitu. Nafanya unachosema tu."

"Chukua sindano."

"Iko wapi?"

"Si hiyo kwenye boksi."

"Boksi lipi?"

"La bluu. Chukua, tia uzi."

Akachukua rili nzima ya uzi, akaanza kuisukuma kwenye tundu la sindano. Nikamwambia akate kwanza. Akakata kipande cha urefu wa ukucha. Nikamwambia apitishe kwenye tundu. Akauliza la sindano au la kifungo. Tulipofika kwenye fundo nilikuwa nimeshamtukana mara mbili, na kifungo kimeshonewa kwenye gauni langu.

"Kompyuta ndivyo ilivyo," akasema. "Ina utii tu, akili haina. Mwaka wa kwanza tunafundishwa kumwelekeza mtii asiyejua kitu, mpaka kifungo kikae, na bila kumtukana."

Tangu hapo nikawa mwanafunzi wa pembeni. Nilijua wana hesabu za makundi na hesabu za kweli na si kweli, nilijua kompyuta inahesabu kwa sifuri na moja tu, nilijua walifungua mashine wakazitaja sehemu zake zote kwa majina kabla ya kuruhusiwa kugusa. Walikuwa na somo la kuandika barua na ripoti pia, na hilo Mauza alilidharau, na baadaye ndilo lililomwokoa.

Hesabu ndizo zilizomtia aibu. Jaribio la kwanza alipata thelathini na moja kwa mia. Aliyekuwa akifundisha ni Dokta Theophil, mtu mrefu wa Muleba, anavaa shati la mikono mirefu hata mwezi wa pili. Alipomrudishia karatasi alimwambia mbele ya darasa: "Mama, zipo kozi nyepesi. Angalia na umri." Mauza alikuwa na miaka ishirini na sita. Wenzake walikuwa na kumi na tisa, lakini ishirini na sita si umri wa kuambiwa angalia na umri.

Alikuja akakaa juu ya jora lake, akalia kidogo, akajifuta kwa kipande cha satini ya kijivu. Nilitaka kwenda huko chuoni mwenyewe nikamtafute huyo dokta. Akanizuia.

"Kaa, bi Zamda. Huyu mtu atanisahihisha mpaka aniandikie kupasi kwa mkono wake."

Karatasi ile ya thelathini na moja aliibandika upande wa ndani wa meza, mahali anapoona yeye tu akikaa. Mtihani wa mwisho wa muhula alipata sabini na nane.

Mwaka wa pili ulikuwa wa mitandao na kanzidata. Mitandao ilimfurahisha. Alikuja na nyaya zake nane za rangi, anazipanga kwa zamu, anazibana kwenye kichwa cha plastiki, na mtu akimsemesha katikati anaanza upya. Kanzidata alinieleza kwa kabati langu la vifungo: kila droo na aina yake, kila aina na saizi yake, na usiweke kitu kimoja mahali pawili, siku ukikibadilisha kimoja kingine kitakusuta. Nikamwambia hayo nayajua tangu kabla hajazaliwa. Akasema ndiyo, lakini wewe ukiumwa nani ataipata hiyo droo ya zipu nyeusi? Hilo nililikubali, maana niliwahi kuumwa.

Likizo ya mwaka ule walipelekwa kwenye mafunzo kwa vitendo, wao wanaita fildi. Ofisi aliyopangiwa walimpa kazi ya kutoa fotokopi. Siku ya tatu akamwendea bosi akamwambia hakuja kusimama kwenye fotokopi, na kama hawana kazi ya aiti basi wamwandikie hivyo kwa barua apeleke chuoni. Hawakuandika. Walimpa chumba chenye kompyuta kumi na moja zisizosomana, akazisomanisha.

Sasa nifike kwenye mwaka wa tatu, kwenye lile lililotaka kumrudisha mezani.

Mwaka huo wana usalama wa mifumo, wana sheria na maadili, wana kusimamia kazi tangu mwanzo hadi kukabidhi. Juu ya yote kuna mradi. Kila mwanafunzi anatafuta tatizo la watu wa kweli, anakaa nao, anaandika mfumo wa kulitatua, kisha anasimama mbele ya jopo la walimu kuutetea. Bila mradi hakuna shahada.

Mauza akachagua kwa Mgeni. Mgeni ni mpakiaji, ana uchochoro wake nyuma ya Mtaa wa Aggrey ambako wafanyabiashara wa mikoani wanaacha mizigo waliyonunua Kariakoo. Yeye na watu wake wanaipanga kwenye viroba, wanashona midomo, wanaipeleka kwenye mabasi. Viroba mia kwa siku, wakati mwingine zaidi. Na kila siku haikosi kiroba kimoja cha Songea kimekwenda Singida, na simu za matusi zinamfuata. Mgeni alimpokea Mauza kwa mikono miwili.

Basi Mauza akaandika mfumo wake wa kwanza. Ulikuwa mzuri kuutazama, na ulifuata kitabu: mpokeaji ana kisanduku cha jina la kwanza, kisanduku cha jina la ukoo, kisanduku cha namba ya kitambulisho. Jina la ukoo likawa la lazima. Usipolijaza, mashine haikuruhusu kwenda mbele.

Siku nne tu. Siku ya tano alikaa kusoma alichojaza Mgeni. Kisanduku cha jina la ukoo kilikuwa kimejaa kweli, chote. Mteja. Mteja. Mteja. Hakuna. Mteja. Mmoja aliandikwa Haraka.

Nilimwona siku ile akirudi. Alifika akasimama katikati ya duka lao, akayatazama yale majora nyuma ya meza yaliyowekewa wateja wa mikoani, kila moja na karatasi yake iliyobanwa kwa pini. Mama Heriel, Mpanda. Mama Duka la Njano, Kahama. Baba Pacha, Tunduru. Karatasi hizo nyingi aliziandika yeye kwa mkono wake, miaka saba.

"Bi Zamda," akasema, "unajua jina la ukoo la mama Heriel?"

"Nalijulia wapi?"

"Na mimi silijui. Nimempimia mapazia miaka saba, na silijui. Halafu nimekwenda kumlazimisha Mgeni alijue."

Alijichukia kwa wiki nzima. Kosa lile angelifanya mtu wa mbali ningeelewa, lakini yeye mtoto wa duka, aliyelelewa na karatasi zile, alikwenda darasani akajifunza kitu na kurudi amesahau alichokuja nacho. Alinieleza kwamba kuna somo lao zima la kumsikiliza mtumiaji kabla hujaandika hata mstari mmoja, na alipata alama nzuri, na hakumsikiliza mtumiaji. Hakujionea huruma. Akaufuta mfumo, akaanza upya.

Safari hii alikaa uchochoroni kwa Mgeni wiki mbili, juu ya kiroba, akiangalia tu. Akagundua kwamba mpakiaji hasomi jina. Anasoma alama. Kila mteja wa mikoani ana alama yake inayochorwa kwenye kiroba kwa kalamu nene: jembe, mwezi, samaki, mistari miwili iliyokatwa na mmoja. Kule stendi ya basi anayekuja kuchukua mzigo, na mara nyingi si mwenyewe, ni shemeji au jirani, anaambiwa fuata kiroba cha samaki. Mizigo ilikuwa ikipotea kwa sababu samaki wa Songea na samaki wa Singida walichorwa na mikono miwili tofauti, na hakuna aliyejua kuwa samaki ni wawili. Basi mfumo mpya ukawa na vitu vitatu: alama kwa picha, mji, namba ya simu. Ukitaka kumpa mtu samaki na samaki yupo, mashine inakuonyesha picha ya yule wa kwanza na kukwambia chagua nyingine. Jina unaandika lile mtu analoitwa. Jina la ukoo halikuwepo.

Mwezi wa kwanza wa majaribio, kiroba kimoja tu kilipotea, na hicho kilianguka kutoka kwenye toroli. Mgeni alitaka kumposa, na ana wake wawili tayari.

Jopo lilikaa Jumatano. Mwenyekiti wake alikuwa Dokta Theophil. Mauza alitetea kazi yake dakika arobaini, akaonyesha takwimu, akajibu maswali ya usalama, ya nakala za akiba, ya nini kitatokea umeme ukikatika. Wakanong'onezana. Dokta Theophil akavua miwani.

"Kazi nzuri, mama. Ila huwezi kuwa na mfumo wa watu usio na jina la ukoo. Hata daftari la shule ya msingi linalo. Ongeza kisanduku, kiwe cha lazima, ulete Jumatatu tukupitishe. Usipoleta, utarudia mradi mwakani."

"Nilikiweka, mwalimu. Kimo kwenye ripoti, sura ya tatu. Kilijaa uongo."

"Watumiaji hawakupewa mafunzo. Ongeza."

"Sitaongeza."

Haya alinisimulia mwenyewe. Hapa ndipo na mimi ninapojikasirikia. Kwa sababu nilimwambia, tena kwa sauti ya mama: "Mwanangu, ni kisanduku kimoja tu. Kiweke, upate cheti chako, ukishapata kitoe. Nani atajua?"

"Mgeni atajua. Atakuwa anaandika Mteja mara mia kwa siku kwa sababu yangu. Miaka mitatu nimefundishwa kwamba ukiilisha kanzidata uongo, kila inachokujibu ni uongo. Ndicho nilichokwenda kusoma huko, bi Zamda. Nikikiweka, nimesoma nini?"

Nikampimia mteja zipu ambayo hakuiomba.

Zayed alipata habari kabla ya magharibi. Alivuka barabara mwenyewe, akaweka ufunguo wa duka juu ya meza yangu, ule wa pili wenye kamba nyekundu.

"Dada Zamda, Jumatatu mkabidhi. Wewe ndiye shahidi. Sitaki aseme nimemwonea."

"Jumatatu haijafika," nikamwambia.

"Amegomea walimu kwa ajili ya kisanduku. Wewe ulishaona mtu wa namna hiyo akapewa kitu?"

Niliuchukua ufunguo nikautia kwenye droo ya zipu nyeusi. Nakiri niliamini atakuja kuuhitaji.

Alhamisi Mauza hakuonekana. Ijumaa akaja na kijitabu cha kanuni za chuo, kile wanachogawiwa siku ya kwanza na kukitumia kuwekea chai. Akanifungulia ukurasa wa arobaini na moja. Mwanafunzi asiyeridhika na uamuzi wa jopo ana haki ya kuomba kwa maandishi kazi yake ikaguliwe mahali inapotumika, mbele ya mjumbe mmoja wa jopo. Hakuna aliyewahi kuomba. Karani wa idara alimwambia hata fomu yake haipo. Akaandika barua yake mwenyewe, ya ukurasa mmoja, kama walivyofundishwa kwenye lile somo alilolidharau, akataka igongwe muhuri wa kupokelewa mbele yake. Na mjumbe akamtaja kwa jina: Dokta Theophil.

"Kwa nini usiombe yule mama mpole wa kwenye jopo?" nikamuuliza.

"Kwa sababu aliyekataa ni yeye."

Dokta alikubali kuja, na Jumamosi saa nne asubuhi nilifunga fremu. Kwa kawaida huwa nafunga kwa msiba tu. Uchochoro wa Mgeni ulikuwa umejaa, siku ya mabasi mengi, watu na viroba mpaka barabarani. Dokta Theophil alikuja ameshika mfuko wa plastiki wenye mablanketi mawili. Nikatabasamu moyoni. Hakuna anayeingia Kariakoo akatoka mikono mitupu, hata aje kumfelisha mtu.

"Shikamoo mwalimu," Mauza akamwamkia.

"Marahaba. Sina muda mwingi."

"Saa moja tu. Nusu ya kwanza tutatumia kisanduku, kama mlivyosema. Nusu ya pili bila kisanduku. Mimi sitagusa kitu."

Alikuwa ameweka laptopu juu ya meza ya kupimia, Mgeni akakaa mbele yake. Mteja wa kwanza akataja alama yake na mji. Mgeni akamuuliza jina la ukoo.

"La nini? Mnaandikisha kura?"

"Mashine inataka."

"Iambie haimhusu."

Mgeni akaandika Mteja. Wa pili vilevile. Wa tatu, mwanamke wa Newala mwenye viroba sita, alitoa jina la ukoo la aliyekuwa mume wake, akacheka, akasema walishaachana basi afutwe, Mgeni akafuta akaandika Mteja. Foleni ikarefuka hadi kwenye duka la sufuria. Watu wakaanza kupiga kelele. Nusu saa ilipoisha walikuwa wamepita kumi na wanne, na Mauza akampa dokta laptopu asome mwenyewe.

Alisoma. Akavua miwani.

"Ni kama nilivyosema. Watumiaji hawana mafunzo. Mtu aliyesoma angejaza vizuri."

Nilitaka kusema kitu na Mauza akaniona, akanikata kwa jicho.

"Ni kweli, mwalimu," akasema taratibu. "Basi jaza wewe. Hayo mablanketi ni ya nani?"

"Ya mama yangu. Nilitaka kuyapeleka stendi jioni."

"Yamefika mahali pake. Mgeni, mpishe mwalimu."

Mgeni akampisha. Dokta Theophil akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, shati lake la mikono mirefu likiwa limelowa mgongoni, akaanza kuandika kwa vidole vyepesi vya mtu anayeijua kazi. Jina: Mama Theo. Mji: Muleba. Simu: akaweka ya shemeji yake, ambaye ndiye anayekwenda stendi. Akafika kwenye kisanduku. Vidole vikasimama.

Akaandika herufi mbili, akafuta. Akaandika tatu, akafuta.

"Hicho ni cha lazima, mwalimu," Mauza akasema.

"Najua." Akajikuna kidevu. Alipozungumza tena ilikuwa chini chini, karibu anajisemea mwenyewe. "Kwenye kitambulisho chake kuna jina la babu mzaa mama. Kanisani ameandikwa kwa la baba. Shemeji akifika stendi hatataja hata moja kati ya hayo. Ataulizia mzigo wa mama Theo."

"Basi uandike lipi?"

Nyuma yake yule mwanamke wa Newala, aliyekuwa bado anangoja viroba vyake vishonwe na hakujua kama huyo ni dokta wala nani, akampiga bega. "Mzee, andika chochote twende. Mabasi hayo yanaondoka."

Dokta Theophil akabonyeza mara moja, kisha akabonyeza kuendelea. Mashine ikakubali, ikatoa alama ya kijani. Niliinama nikachungulia. Alikuwa ameandika nukta.

Hakuna aliyecheka, ingawa mimi nilikuwa nimejiuma mdomo. Alikaa pale ameitazama ile nukta yake. Mauza alifungua daftari la majaribio, chini ya yale majina kumi na manne akaandika mstari wa kumi na tano: mtumiaji aliyesoma, nukta.

"Sasa nusu ya pili," akasema.

Mgeni akamfungulia ule mfumo mwingine. Mama Theo, Muleba, simu ya shemeji. Alama?

"Mama anapenda nini?" Mgeni akauliza.

"Ana kahawa yake," dokta akasema. "Shamba la nyuma ya nyumba."

Akatafuta kwenye picha akagusa kikombe. Mashine ikasema kikombe hakina mwenyewe, kichukue. Mgeni akashona mdomo wa kiroba, akachora kikombe kwa kalamu nene, na mvuke juu yake mistari mitatu. Dokta Theophil akatoa simu akakipiga picha ampelekee shemeji. Foleni ilikwisha kabla ya nusu saa.

Dokta aliomba fomu ya matokeo ya jopo. Akaiweka juu ya kiroba cha mama yake, akakata neno kurudia, akaandika amepasi, akasaini, akaikunja kumpa.

"Bado, mwalimu," Mauza akasema. Mkono wake haukuipokea. "Kuna nafasi ya sababu. Naomba uandike na sababu."

Akamwangalia. Nilidhani atakasirika, na sijui kama hakukasirika. Lakini akaifungua tena, akaandika maneno mawili kwenye nafasi ile, akampa, akaondoka kwa miguu kuelekea Msimbazi, mikono mitupu.

Mauza akanipa nisome. Iliandikwa: Nimejaribu mwenyewe.

Nilirudi Mkunguni peke yangu, yeye alibaki kumsaidia Mgeni kupakia. Nikafungua fremu, nikavuta droo ya zipu nyeusi, nikautoa ufunguo wenye kamba nyekundu. Nikavuka barabara. Zayed alikuwa anampimia mteja shashi nyeupe. Nikauweka mezani, juu ya kioo, pale karatasi inaposema nasoma aiti.

"Jumatatu bado," akasema bila kuinua macho.

"Hautahitajika," nikamwambia. "Tafuta mtu wa kupima."